Orville na Nyumba ya Magurudumu

Mume wangu, Orville Stuhr, alifanya kazi kwenye maghala ya mahindi ya mji wetu, huku Nebraska, kwa miaka thelathini na minne. Katika miaka yote hiyo sikumbuki hata wiki moja ambayo hakutaja nyumba ya magurudumu. Hakuwa akitaka gari la kwendea mapumziko ya siku mbili kisha unaliegesha uani mpaka mwaka ujao. Alitaka tuuze nyumba, tuhamie ndani ya gari na tuishi humo moja kwa moja. Alikuwa na daftari la barabara, amechora kila kambi na kila kituo cha dizeli mpaka Arizona. Tukiwa mezani ananiambia, "Mama, mwezi wa kwanza tutakuwa jangwani tumevaa kaptula, wenzetu hapa wanakwangua barafu."

Mimi nilikuwa dereva wa basi la shule. Miaka ishirini na sita nilibeba watoto wanaorushiana viatu, wanaotapika, wanaoimba wimbo mmoja kwenda na kurudi. Ndoto yangu mimi ilikuwa kutoendesha kitu chochote. Nilitaka niketi barazani kwangu niangalie nyanya zikiiva, na anayetaka kwenda mahali aende bila mimi.

Tulikuja kupatana alipostaafu. "Usukani ni wangu," Orville aliniambia. "Wewe utakaa kiti cha pembeni na sufi yako, unafuma. Ukisema tusimame, tunasimama. Usukani hutaugusa hata siku moja."

"Utachoka."

"Kwenye ghala nilisimama miaka thelathini na minne. Kukaa ndiko kutanichosha?"

Gari tulilinunua mwezi wa nne kwa mjane mmoja wa mji wa Kearney. Lilikuwa na urefu wa mita kumi na moja, rangi ya maziwa, lina kitanda, jiko, choo na meza ya kukunja. Yule mjane alitukabidhi funguo haraka haraka, kama mtu anayegawa mbwa asiyempenda. Hilo peke yake lingetosha kunipa wasiwasi, lakini Orville alikuwa ameshaingia ndani anafungua makabati.

Nyumba tuliiuza mwezi wa saba. Vitu tulivitandaza kwenye majani mbele ya nyumba, majirani wakaja kuchagua. Gladyce wa ng'ambo ya barabara alichukua kabati la vyombo, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina, lakini alichukue tu, maana halingeingia mlangoni mwa gari.

Binti yetu, Rochelle, alikuja na mumewe kutusaidia kubeba. Alimsubiri baba yake amalize kufunga boksi, kisha akamuuliza, "Baba, mkichoka mtarudi wapi?"

"Hatutachoka."

"Na mama?"

"Mama yako amekubali."

Rochelle akanitazama. Nilikuwa nimekubali kweli, kwa hiyo nikachukua boksi lingine.

Mwezi wa nane tulikuwa tumeegesha kwa Rochelle, mjini Hastings, tunapanga vitu vya mwisho kabla ya kuondoka. Orville alikuwa akilisogeza gari akaligonga sanduku la barua la Rochelle, likalala chini. Akasema ni jua lilimpiga machoni. Siku mbili baadaye, asubuhi, nilimwona anamimina kahawa pembeni ya kikombe, mezani, na anaendelea kumimina. Mtu aliyebeba watoto miaka ishirini na sita anamjua anayeficha jambo. Nikamwambia avae viatu, tunakwenda kwa daktari wa macho.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimpima, akafungua faili lake, akasema, "Ni kama nilivyokueleza mwezi wa tano, mzee. Katikati ya macho panazidi kufa. Pembeni utaendelea kuona, lakini uso wa mtu, maandishi, barabara, vitapotea. Nilikuomba uache kuendesha tangu siku ile."

Mwezi wa tano. Nyumba tuliiuza mwezi wa saba.

Nilirudi nikiendesha mimi, gari dogo la Rochelle. Tulipofika kwa Rochelle nilizima injini, nikabaki nimeshika usukani.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukaniacha niuze nyumba yangu."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo maana mtu huambiwa, Orville. Ili akitaka kukataa akatae."

Alikunjakunja kofia yake mapajani. "Nilidhani nitapata mwaka mmoja," alisema. "Hata mmoja tu, mama. Nikupeleke, halafu ndiyo nikuambie."

Nilishuka nikamwacha humo. Wiki tatu nililala chumba cha wageni kwa Rochelle, na yeye akalala ndani ya nyumba ya magurudumu pale uani. Mchana aliingia kula. Alikuwa anagonga kila kitu: pembe za meza, viti ambavyo wajukuu wamevisogeza, mlango wa kabati ulioachwa wazi. Miguu yake ilijaa alama. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuumiza kuliko kuchekwa. Mimi nilimwekea sahani nikaondoka. Sioni aibu kusema hivyo. Miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kunidanganya jambo kubwa, na alipoanza alianza na nyumba.

Wiki ya nne nilipiga simu kwa wauzaji wa magari hayo kule Grand Island, wakasema nililete walitazame. Nikamwambia Orville, naye akasema sawa. Aliingia akaketi kiti cha pembeni, kile kilichokuwa changu. Mimi nikashika usukani.

Nitasema ukweli: lile gari ni jepesi kuliko basi la shule. Vioo ni vizuri, breki hazikushtui, na nyuma hakuna mtoto anayelia. Shida ilikuwa upepo. Siku hiyo upepo wa magharibi ulikuwa unalipiga ubavuni, na nusu ya njia nikaona mikono imeanza kuniuma. Nikaingia kwenye uwanja wa kupumzikia kando ya barabara, nikasema tungoje utulie.

"Umekula?" Orville akaniuliza.

"Sijala."

Akasimama, akaenda jikoni. Nilikuwa nimezungusha kiti namwangalia kwa hasira tu, nikingojea agonge kitu. Hakugonga. Alinyoosha mkono juu akatoa sufuria, akainama akatoa kitunguu, akafungua droo ya pili akachukua kisu. Alikata kitunguu polepole, vidole amevikunja nyuma ya kisu, vipande sawasawa. Akawasha jiko akisikiliza gesi. Kwenye rafu ya viungo alipapasa mara moja, akatoa pilipili manga, si chumvi, si mdalasini. Alipogeuka kuelekea mezani alizunguka ile kona kali ya kabati ambayo mimi mwenyewe, mwenye macho, nilikuwa nimeigonga mara mbili.

"Umejifunza lini hivyo?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi wa tano. Ukienda dukani nilikuwa naingia humu, nafumba macho, napanga." Akaweka bakuli mbele yangu. "Humu hakuna anayenisogezea kiti. Kila kitu kiko mahali pake, na popote tutakapokwenda kitakuwa mahali pake."

Ilikuwa supu ya maharage na soseji. Nilikula yote. Nilikuwa nawaza kwamba tukiliuza gari hili, atarudi kwenye nyumba ya Rochelle kugonga pembe za meza mpaka afe, na mimi nitarudi kwenye chumba cha wageni. Nyumba yangu ilikuwa imekwenda kwa vyovyote vile. Barazani kwangu walikuwa wamekaa watu wengine.

"Nina masharti," nikasema.

Aliacha kijiko.

"Kwa siku naendesha saa nne, sizidishi hata dakika. Nikisema tumekaa mahali, tumekaa. Kumwaga tangi la choo ni kazi yako, macho au bila macho. Na daktari akikuambia kitu, nakisikia siku hiyohiyo."

"Na kunisamehe?"

"Hilo sijalifikia."

"Sawa," akasema. "Nakubali yote."

Nikawapigia wauzaji nikawaambia hatuji. Upepo ulipotulia nilitoka pale uwanjani, na badala ya kurudi Hastings nikashika barabara ya kusini. Alasiri Rochelle akapiga simu.

"Mama, mmeuza? Mbona hamjarudi?"

"Hatujauza."

"Umemsamehe baba?"

"Hapana. Tuko Kansas."

Majira yale ya baridi tulifika Arizona, kwenye kambi ya jangwani iliyojaa wastaafu kama sisi. Wiki ya kwanza Orville alitoka kumwaga tangi. Alikataa nisimame naye. Alivuta kishikio cha kufungulia tangi kabla hajafunga bomba sawasawa, na vyote vilivyokuwa ndani vikamwagika kwenye viatu vyake na kuelekea kwenye meza ya jirani. Jirani yetu, jitu la Idaho linaloitwa Thaddeus, alinyanyua meza yake nzima, na mayai juu yake, akarudi nayo nyuma taratibu.

"Mzee," akamwambia Orville, "nilidhani mtatuletea keki ndiyo tujuane."

Orville akajibu, "Keki ni kesho. Leo tunaanza na hii."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa nimecheka tangu ile siku ya daktari. Kisha nikaenda kuleta mpira wa maji na koleo, na Thaddeus akatusaidia kufukia. Baada ya hapo Orville alifunga uzi mnene kwenye bomba ili vidole vyake vijue limekaa, na hajamwagikiwa tena.

Njiani alikuwa msumbufu. "Punguza, kuna kona," ananiambia.

"Orville, huoni."

"Nasikia injini. Unaingia na kasi."

Mara nyingine alikuwa sahihi. Anachokipenda zaidi ni kuuliza kilichoko nje, na mwanzoni nilikuwa mbaya sana kwenye hilo. Mlima gani? Mkubwa. Rangi gani? Ya mlima. Alilalamika kwamba redio inaeleza vizuri kuliko mimi. Basi nikaanza kuangalia. Miaka ishirini na sita nilikuwa natazama barabara na kioo cha nyuma tu. Sasa namwambia: kuna treni ya mabehewa ya kijani, nyuma yake kilima kimechanika upande mmoja, chini ng'ombe kumi na wanne, mmoja ameketi kama mbwa. Naye anauliza yule aliyeketi ana nini.

Siku ya kumsamehe siwezi kuitaja. Nakumbuka tu kwamba tulikuwa New Mexico, ananiosha nywele kwenye sinki la jikoni kwa sababu bega langu lilikuwa linauma, nikagundua sijamkasirikia kwa muda mrefu.

Huu ni mwaka wa sita. Msimu wa mapukutiko uliopita, Rochelle na mumewe walitujengea chumba, chini, kina bafu lake na dirisha la mashariki. Walituonyesha wote wawili wakiwa na furaha. Orville alipapasa kuta, akasema ni kizuri, akasema labda sasa ndiyo wakati wake. Miaka sabini na tatu, macho yamekwisha, magoti yanafuata. Mimi nililala humo siku mbili. Siku ya tatu, tunakunywa kahawa, nikasema sitaki.

Orville aligeuza sikio. "Rudia."

"Sitaki kukaa. Wakati wa joto nitakaa. Baridi ikianza nataka kuondoka."

"Wewe ndiye uliyekuwa hutaki."

"Nilikuwa sitaki. Sasa nataka."

Akaanza kutabasamu kama mtu anayejaribu kuzuia, akashindwa. Rochelle alilia kidogo, lakini alikubali. Tumepatana hivyo: kiangazi kwake, na mwezi wa kumi tunaondoka, maadamu mimi mwenyewe napita kipimo cha macho. Nilipimwa mwezi wa tisa. Nilimpeleka Orville mpaka ndani ya chumba cha daktari asikie kwa masikio yake, naye daktari akasema yangu ni mazima.

Tutaondoka Jumanne, upepo ukikubali. Thaddeus ameshatushikia nafasi kambini. Hivi ninapoandika Orville yuko nje anazunguka gari, anabonyeza tairi moja moja kwa kidole gumba na kutangaza kwa sauti ni zipi ngumu na ni ipi moja inataka upepo.