Golikipa Aliyekataa Kifungu cha Tisa

Falonne Mbuyu alikuwa golikipa wa Bashujaa, timu ya soka ya wanawake ya Kolwezi, kusini mwa Kongo, kwa miaka sita, na hakuna aliyewahi kumwona akichelewa mazoezi. Kwa hiyo Tata Kabeya, prezida mpya wa timu, alipogawa mikataba ya miaka mitatu, wote walishangaa kuona yeye peke yake amerudisha karatasi bila sahihi.

Alikuwa ameisoma. Wenzake walifungua ukurasa wa mwisho, wakatia sahihi, basi. Yeye alifika kifungu cha tisa: mchezaji akipata mimba, atahesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake.

Tata Kabeya alimwuliza kama ana mimba. Falonne akajibu hana. Prezida akataka kujua, kama ni hivyo, kifungu hicho kinamwasha nini.

"Mi sikatale kucheza, tata," akasema. "Nakatala ile kifungu. Kuzaa haiko kuacha kazi."

Akaambiwa asiyetia sahihi haingii uwanjani. Akachukua glavu zake akarudi nyumbani kwao, mtaa wa Manika.

Mtaani walisema anaficha mimba. Redio moja ikatangaza kwamba ameitwa na timu moja ya Lubumbashi. Kocha Séraphin alikuja mara mbili kumbembeleza, akarudi mikono mitupu. Hata mama yake, Mama Odile, muuza unga sokoni, aliona ni upuuzi kugombana kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajaja.

Golini aliwekwa Abigaëlle, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kasaji. Mechi ya kwanza, kule Fungurume, alifungwa matatu na mashabiki wakamzomea. Kesho yake alibisha hodi kwa Falonne, macho yamevimba, akaomba afundishwe kutoka golini wakati wa kona.

Falonne alijua hesabu yake vizuri. Kila goli aliloruhusu yule binti lilimsukuma prezida kumwita yeye. Akaenda kuchukua glavu.

Walifanya mazoezi kila asubuhi kwenye kiwanja cha shule, wiki tatu, mpaka vumbi jekundu likakataa kutoka kwenye soksi. Abigaëlle akaiva. Mechi mbili mfululizo hakufungwa. Hapo ikaja barua: timu imepata golikipa, Falonne arudishe jezi. Alizifua, akazipiga pasi, akazipeleka mwenyewe.

"Umemufundisha mutu wa kukufukuza," Mama Odile akamwambia.

"Nilimufundisha kudaka, mama."

Lakini asubuhi moja, baada ya mazoezi yao, ambayo hawakuyaacha, Abigaëlle alimwomba amsomee mkataba wake wote, neno kwa neno. Siku nne kabla ya nusu fainali ya Lubumbashi msichana huyo akauweka mezani kwa Tata Kabeya na kusema hapandi basi mpaka kifungu cha tisa kifutwe. Nyuma yake walisimama wenzake saba. Prezida akauliza nani amewatuma, akajibiwa hakuna. Akampigia kocha simu. Séraphin akamwambia bila kuzunguka kwamba, wale wasipokuja, hana timu ya kupeleka.

Tata Kabeya akachukua kalamu. Alikata kifungu kile kwenye mikataba yote kumi na minane, mmoja baada ya mwingine, na kila mahali akatia sahihi pembeni.

Falonne aliitwa kesho yake. Alisoma tena tangu mstari wa kwanza, ndipo akatia sahihi. Kocha akamweleza kwamba golini atabaki Abigaëlle. Alikuwa amelitarajia.

Kule Lubumbashi, Bashujaa walishinda moja kwa bila. Wenzake walipokimbia kumkumbatia Abigaëlle, Falonne alisimama mbele ya benchi akapiga makofi, kwa uchungu lakini kwa dhati. Jumatatu alikuwa wa kwanza uwanjani.

"Ile nafasi nitaitafuta," akamwambia Abigaëlle alipofika.

"Najua, yaya," akajibu, kama mdogo kwa dada yake mkubwa. "Anza weye golini, mi nitapiga mipira."