Madole Thelathini na Moja

Wanaume wengine wakitimiza miaka hamsini hununua shati la rangi kali, wakatulia. Mume wa Mama Pindo alinunua baiskeli. Si ile ya kwendea dukani, bali ile nyembamba yenye matairi kama kamba za viatu, ambayo mwendeshaji huinama mpaka makalio yakakaa juu kuliko kichwa. Ikaja pamoja na kaptura za kubana. Mama Pindo, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, alizitazama mara moja tu akajua kwamba aliyezikata hakuwahi kuonyeshwa mwili wa mkuu wa masjala. Maana ndiyo kazi ya mumewe: anakaa kitini asubuhi hadi jioni akilinda mafaili ya ofisi, na mtaa mzima unamwita Bwana Faili.

Baiskeli ikatundikwa sebuleni, pale ilipokuwa picha ya harusi. Mwaka wa pili magoti yakalalamika, Bwana Faili akaiachia Jumamosi tu, akaanza kukimbia. Kukimbia kwenyewe ni jina tu. Mwanamke mwenye kikapu kichwani angempita na bado akapata pumzi ya kumsalimia. Lakini alikuwa na saa mkononi inayomhesabia hatua na kumpongeza, basi akirudi hujilaza sakafuni kama aliyetoka vitani, na nyumba nzima inatakiwa imruke.

Mwaka wa tatu akapandwa na shetani wa ufundi. Akanunua drili, pima maji, na mkanda wa kiunoni wa kuchomekea nyundo, akaapa kwamba tangu siku hiyo hakuna fundi wa kulipwa atakayekanyaga nyumba yake. Mama Pindo alikuwa binti wa mwashi. Utotoni alimbebea baba yake timazi na kumkorogea saruji, na mpaka leo akiingia nyumba ya watu macho yake hutangulia kwenye pembe za kuta. Mume hakumwuliza neno hata siku moja. Mke naye akaona hasara ya nani, akanyamaza akabaki kucheka, kwa sababu kumcheka mtu kuna raha yake, na raha yenyewe haichoshi viungo. Kila kioja kipya alimpigia simu dada yake, wakamwita mtu huyo Injinia na kucheka mpaka machozi.

Kilichoharibu zaidi ni lile kundi. Walikuwa wanaume tisa wa rika moja, wahasibu, wakaguzi na daktari mmoja wa meno, wakajiita Chuma cha Pua. Jumamosi huendesha baiskeli, Jumatano hukimbia, na siku zote wana kundi lao kwenye simu, ambamo wake zao na jamaa zao nao wametiwa ili wawatie moyo. Humo mlikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: jambo lisiloonekana kwenye kundi halikufanyika, na lililoonekana limekwisha. Bwana Faili alipigilia rafu jikoni, akapanga sahani mbili, akapiga picha, yakamiminika madole gumba ya pongezi. Sahani ya tatu ilipowekwa rafu ikaja chini pamoja na chokaa. Aliikuta sakafuni, akaisogeza kwa mguu apite. Katika akili yake rafu ilikuwa imeshawekwa. Watu walikuwa wameiona.

Mwanzoni mwa mwaka alikwenda kwa mama yake, bibi wa miaka sabini na sita, mkunga mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake upande wa pili wa mji, akamjengea ngazi mpya ya mlango wa uani. Akaipamba juu kwa vigae vilivyobaki bafuni, vile vinavyong'aa. Picha yake ilivunja rekodi ya kundi, madole thelathini na moja. Mama Pindo aliikuza kwa vidole viwili akaona ngazi imeinamia nje, na kigae ni laini kama sahani. Alimpigia dada yake. Wakacheka.

Miezi minne baadaye mama mkwe akaanguka akavunjika nyonga. Alisema mwenyewe, alipowapigia simu, kwamba aliteleza chumbani, mguu ulinasa kwenye shuka. Wakamkuta sakafuni kando ya kitanda, ametulia, anawapa maelekezo namna ya kumwinua. Akakaa wodini wiki saba. Alipokaribia kutoka, muuguzi aliwaita mume na mke akawaeleza kwamba mfupa ule ukivunjika mara ya pili, kwa umri ule, mgonjwa huwa hainuki tena. Bibi asirudi kuishi peke yake. Na huko atakakokaa, bafuni pawekwe bomba imara ukutani, la kushikia anapokaa na anapoinuka.

Mama Pindo akasema bibi aje kwao, naye ataita fundi. Bwana Faili akauliza fundi wa nini, ilhali nyumba ina fundi. Mke akataja rafu, mume akataja wivu. Siku tatu maneno yakazunguka hapo hapo, na mwisho mke akanywea, akijiambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hakujiuliza ni nani hasa atakayekufa.

Ijumaa alasiri Bwana Faili akafunga mkanda wake kiunoni akaingia bafuni na bomba jipya linalometameta. Drili ikalia kwa muda wa kuchemsha chai. Alipotoka, uso ulikuwa umejaa vumbi na furaha. Picha ikapanda: bomba, vigae, na mkono wake mwenyewe umelishika, saa ikionekana vizuri. Chini yake akaandika kwamba mama ni mmoja tu. Daktari wa meno akaweka madole matatu peke yake.

Jumamosi alfajiri akaondoka na wenzake. Mpango ulikuwa hivi: binamu yake mwenye gari angemtoa bibi hospitali saa sita, na Chuma cha Pua wangerudi saa hiyo hiyo, na baiskeli zao, wampokee kwa makofi.

Saa tatu Mama Pindo aliingia bafuni kufagia vumbi lililoachwa. Akalishika bomba, si kwa nguvu, kwa vidole tu. Likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akachungulia nyuma yake. Ukuta ule ulikuwa wa matofali yenye uwazi ndani, na katika ukuta wa namna hiyo skrubu haishiki mpaka itanguliwe na kile kidude cha plastiki kinachotanuka ndani ya tundu. Vidude vilikuwepo. Vilikuwa juu ya dirisha, ndani ya mfuko wao, haujafunguliwa. Bomba lilikuwa limesimama kwa gundi na kwa madole gumba.

Alipiga simu mara nne. Mara ya tano mume akapokea, anahema, upepo unavuma.

"Lile bomba linacheza," mke akasema. "Hukuweka plastiki."

"Nilitaka kuziweka baadaye. Nikawa nimeshatuma picha."

"Sasa mama yako ashike picha?"

"Wewe nawe. Ile kazi imekwisha, watu wote wameiona. Mapigo ya moyo yameshaanza kushuka kwa ajili yako, acha niendelee."

Akakata. Mama Pindo akabaki na simu mkononi, damu inamchemka. Drili ilikuwa chini ya kitanda, vidude vilikuwa dirishani, na mikono yake ilijua kazi ile tangu ana miaka kumi. Nusu saa ingetosha. Lakini hapo ndipo hasira ilipomnong'oneza kitu kitamu. Akaamua kuliacha. Waje wote tisa na kofia zao ngumu, wasimame mlangoni mwa bafu, naye mbele yao amwombe Bwana Faili alishike yeye kwanza. Alishike kwa uzito wake wote. Akaiona kabisa picha hiyo, mtu na bomba lake ndani ya ndoo, na akaona jinsi atakavyomsimulia dada. Akarudi kwenye cherehani akashona mikunjo ya sketi huku anatabasamu peke yake.

Binamu hakungoja saa sita. Saa nne na nusu gari likasimama mlangoni, na ndani yake bibi, mwembamba kuliko alivyoingia wodini, ameshika fremu yake ya kutembelea kama mtu aliyeshika usukani. Mama Pindo akatoka mbio na tepu ya kupimia bado iko shingoni, akampa shikamoo, wakamshusha, wakamketisha sebuleni chini ya ndoano tupu ya baiskeli. Kisha akarudi garini kumsaidia binamu na mizigo, godoro dogo, mabegi mawili, mfuko wa dawa. Binamu alikuwa na haraka zake, akaaga. Mama Pindo alipoingia na begi la mwisho, kiti kilikuwa kitupu.

Kutoka bafuni akasikia fremu ikigonga vigae.

Begi aliliangusha hapo hapo. Ukumbi wa nyumba ile una hatua tisa, alizijua kama anavyojua kipimo cha kiuno chake, na siku hiyo hazikuisha. Kichwani hakukuwa na Bwana Faili wala ndoo wala dada. Kulikuwa na muuguzi, anasema mgonjwa huwa hainuki tena.

Bibi alikuwa ameketi chooni, mgongo wima, mkono mmoja juu ya fremu na mwingine juu ya ukingo wa sinki. Bomba lilikuwa ubavuni pake, linametameta. Hakuwa ameligusa.

"Hicho nani kakiweka?" akauliza.

"Mwanao, Mama."

"Nilijua. Ndiyo maana nikashika sinki."

Mama Pindo akaegemea mlango, akaanza kuomba radhi. Akasema alijua tangu saa tatu kwamba bomba ni bovu. Bibi akamkatiza kwa kiganja, kama alivyozoea kuwatuliza wanawake kwa miaka arobaini.

"Sikia, mwanangu. Nikwambie neno, halafu ulale nalo. Sikuteleza chumbani."

Akalitoa lote, polepole, bila kumtazama. Ilikuwa asubuhi, kumenyesha manyunyu kidogo, anatoka kumwaga maji uani. Alikanyaga ile ngazi mpya, na ngazi ikamtoa nje kama mtu anayemsukuma mgeni. Alisikia nyonga ikilia. Akalala pale akifikiria jinsi mtoto wake alivyokuwa na furaha siku ya kuijenga, alivyopiga magoti kuipangusa kwa kitambaa, alivyomwonyesha sifa za wenzake kwenye simu moja moja. Ndipo akageuka kifudifudi. Akatambaa kwa viwiko, akapita jikoni, akapita ukumbini, mpaka chumbani. Akavuta shuka kitandani, akajiviringishia mguuni. Baada ya hapo ndipo alipopiga simu.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema. "Nilishalia mimi, yamekwisha. Usimwambie. Ataumia."

Mama Pindo alimwinua, akamtembeza mpaka kitini, akamfunika miguu. Halafu akarudi bafuni. Bomba halikuhitaji bisibisi. Alilivuta kwa mikono miwili likatoka na vigae viwili. Akaketi juu ya kifuniko cha choo akafungua simu, akarudi nyuma kwenye kundi, miezi yote ile ya magoti na mapigo ya moyo, mpaka akaifikia picha ya ngazi. Akagusa yale madole kuona majina. Daktari wa meno, wahasibu, wake zao. La kumi na nne lilikuwa lake. Aliliweka siku ile ile, baada ya kukata simu ya dada, ili aonekane mke mwema. Binti wa mwashi. Kumbe wote waliobaki hawakujua, na aliyejua alikuwa mmoja.

Chuma cha Pua waliingia saa sita kamili, viatu vyao vyenye chuma vikilia sakafuni kama kwato, wananuka jasho na kujipongeza. Wakapiga makofi. Bwana Faili alimbusu mama yake kichwani, kisha akainua simu, akasema sasa bibi aende akalishike bomba, wenzake waone.

Mama Pindo aliliweka bomba mezani, katikati ya chupa zao za maji, vigae vikiwa bado vimeng'ang'ania. Alikuwa ameahidiana na nafsi yake kusema kwa upole, lakini upole haukupatikana.

"Mama hakuteleza chumbani. Aliangushwa na ngazi yako. Alitambaa na nyonga iliyovunjika ili usijue." Akawageukia wengine. "Na mimi niliiona kwenye picha imeinama. Nikacheka, nikaweka dole. La kumi na nne, mtalikuta."

Daktari wa meno aliitazama simu yake, akaizima. Bwana Faili aligeuka taratibu kumwelekea mama yake, na uso wake, chini ya kofia ile ngumu, ulikuwa wa mtoto aliyevunja kitu.

"Mama, ni kweli?"

"Mkeo ana hasira leo," bibi akasema. "Niliteleza chumbani. Shuka."

Pumzi zikatoka kwa pamoja chumba kizima. Mmoja wao akacheka kidogo, mwingine akasema mambo ya ndoa hayo, na Bwana Faili akamtazama mkewe kwa jicho la mtu aliyesingiziwa. Mama Pindo alibaki amesimama upande wa pili wa kiti cha mama mkwe, tepu shingoni.

Bibi akasema amechoka, anataka kwenda kulala. Akaisukuma fremu pembeni, akajiinua nusu, akayumba. Bwana Faili alikuwa karibu zaidi. Akanyoosha mkono wake wenye saa, akaukaza kwa nguvu zote za mazoezi yake, akasema, "Nishike mimi, Mama."

Bibi aliutazama ule mkono kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Kisha mkono wake ukaupita, ukaenda upande wa pili, ukamshika mkwewe.