Ua Tasa la Mzee Kazama

Haya ni kweli tupu. Nikiwa nimeongeza hata punje moja ya chumvi, theluji ya Niigata na inifukie mpaka masikioni, na wajukuu wangu wanichimbue kwa vijiko vya chai.

Siku Ozeki alipopewa kikombe cha kwanza kwenye maonyesho ya yukiwariso, yale maua madogo yanayochomoza theluji inapoanza kuyeyuka, Mzee Kazama alipiga makofi kuliko watu wote. Aliinama kama adabu inavyotaka, akatabasamu. Halafu akaenda chooni, akauma taulo mpaka fizi zikauma.

Ua lililoshinda lilikuwa lake. Petali za nje zambarau iliyoiva, katikati shada jeupe, na baina yao duara la kijani kama mkufu. Alilipanda kutoka kwenye mbegu ya ua la kawaida, akalingoja miaka hadi likafungua jicho. Majira ya baridi mkewe Fusae alipozidiwa, Ozeki ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari lake, katika tufani ya theluji. Kazama, kwa shukrani, alimkatia chipukizi la ua lile. Sharti lilikuwa moja tu, na kila mkulima wa maua yale analijua: aliyelizalisha ndiye mwenye haki ya kulipa jina. "Usilionyeshe kabla sijaliita," alimwambia. Ozeki akaapa.

Fusae alipofariki, Kazama alikaa kimya mwaka mzima. Jina alikuwa nalo, ila kulitamka hakuweza. Ozeki hakungoja. Alilipeleka maonyesho, akaliita Fahari ya Ozeki.

"Fahari ya Ozeki!" Kazama aliviambia vyungu vyake nyumbani. "Mtu ambaye hata kumwagilia anamwachia mkewe!"

Shahidi hakuwa naye. Kwa hiyo alinyamaza, na ile hasira akaitunza kivulini kama anavyotunza miche: asiinyime maji, asiizidishie.

Februari iliyofuata alibisha mlangoni kwa Ozeki, chungu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Karibu, Mzee Kazama! Mimi nilijua umeninunia."

"Nikununie kwa lipi, ndugu yangu? Si wewe uliyemkimbiza Fusae wangu?" Akafungua kitambaa. "Nimekuletea mjukuu."

Ozeki aliinama kutazama. Ua la kawaida, petali za safu moja tu, lakini zambarau ileile.

"Mjukuu gani?"

"Mtoto wa Fahari yako. Mbegu ilidondoka kwenye shina lililobaki kwangu. Nikasema haki ni akae kwa mzazi wake."

"Kumbe Fahari inazaa?"

Kazama nusura acheke. Mkulima yeyote, hata aliyeanza jana, anajua ua la namna ile ni tasa. Vibeba chavua vyake vyote vimegeuka petali, na hata kile kitovu cha kushika mbegu kimegeuka petali. Huongezwa kwa kugawa shina tu. Lakini Ozeki alikuwa muuza makabati mstaafu aliyependa vikombe. Maua yalikuwa njia tu ya kuvifikia.

"Imezaa mara moja," Kazama akasema, na hapo ndipo ulimi ulipopata utamu. "Alikuja nyuki, Ozeki, mkubwa kama tunda la plamu! Katoka kisiwa cha Sado, kavuka bahari, upepo unampiga usoni, masharubu yameganda barafu. Akatua kwenye ua, akalala, akakoroma mpaka vyungu vikagongana."

"Nyuki akakoroma?"

"Kachoka, maskini! Wewe ungevuka bahari ile usingekoroma?"

Ozeki alitikisa kichwa kwa mshangao, macho hayabanduki kwenye chungu. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Sema umelikuza mwenyewe. Mimi sifa za nini, uzee huu?"

Akarudi nyumbani akiteleza kwenye barafu na kucheka peke yake. Usiku ule alikula mchuzi wa maharage na figili kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu msiba.

Machi ikafika. Katika ukumbi wa mji vyungu vilipangwa juu ya kitambaa cheusi, na Mama Tsuchida, mwenyekiti wa chama, akapita na kioo chake cha kukuzia. Mbele ya chungu cha Ozeki akasimama, akasoma kibao kwa sauti: "Mrithi wa Fahari. Nimemkuza mwenyewe kutoka mbegu ya Fahari ya Ozeki."

 Kisha mtu akapaliwa na chai.

"Bwana Ozeki," Mama Tsuchida akasema taratibu, "mbegu uliitoa wapi kwenye ua hilo? Nionyeshe mahali pake."

"Pale… katikati."

"Katikati kuna petali. Mtu aliyeizalisha Fahari angejua haizai. Sasa nauliza na la mwaka jana: ulilizalisha wewe kweli?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji. Kazama alisimama karibu na mlango, mikono mgongoni, anakunywa aibu ile funda kwa funda. Angeondoka saa ile, angeondoka mshindi.

Lakini Ozeki, jasho linamtiririka, alianza kujitetea. "Alikuja nyuki! Kutoka Sado! Nyuki mkubwa kama zabibu…"

"Plamu!" sauti ikapaa kutoka mlangoni.

Vichwa vyote viligeuka. Kazama akaziba mdomo, amechelewa.

"Ndiye huyo!" Ozeki akafoka. "Ndiye aliyenipa chungu na hadithi yake!"

"Mzee Kazama," akasema Mama Tsuchida, "huyo nyuki ni wako?"

Kazama alitazama viatu vyake. "Wangu, mama. Lakini na ua la mwaka jana ni langu! Nililikuza mimi tangu mbegu, huyu nilimpa tu chipukizi. Jina lake ni Fusae."

Lilikuwa limetoka, mbele za watu. Mama Tsuchida akashusha kioo chake.

"Mimi nakuamini. Jina la Ozeki tunalifuta, na kikombe anarudisha. Lakini siwezi kuandika jina kwa neno la mtu aliyelizulia ua mama asiye wake, tena kwa makusudi. Leo unasema ua ni lako. Juzi ulisema nyuki. Chama kishike lipi?"

"Basi niadhibuni vingine."

"Desturi unaijua. Anayedanganya asili ya ua hugawa shina mama kwa wanachama wote. Watakaolitunza ndio watakaokubaliana jina."

Jioni ileile chungu cha shina mama kililetwa kutoka nyumbani kwake. Kazama aliosha udongo kwenye mizizi mpaka ikabaki mitupu, myeusi, imesukana kama nywele. Wanachama wakapanga foleni na vyungu vitupu. Kila aliyefika alikatiwa chipukizi lake, akashukuru, akapisha.

Kisha mbele yake akasimama Ozeki.

"Na wewe?"

"Si mwanachama mimi?"

Kazama alitafuta kijichipukizi kidogo kuliko vyote, chenye mzizi mmoja.

"Hicho hapana," Ozeki akasema, akanyoosha kidole. "Lile nene, lenye macho matatu ya kuchipua."

Kazama akamtazama Mama Tsuchida. Mama Tsuchida akaelekeza kidole kwenye kisu.

Mzee akauma meno, akaingiza kisu, akakata.