Raketi Iliyonipima Subira

Alhamisi, tarehe 6 Novemba. Asubuhi hii Moshi kuna mawingu na manyunyu mepesi.

Usiku wa jana niliota nimeingia duka la raketi za padeli, ule mchezo kama tenisi unaochezwa wawili wawili ndani ya kuta za kioo, nikiwa nimevaa joho la kwaya. Hakuna aliyeshangaa. Hata mimi sikushangaa, nilikuwa na haraka. Jumamosi mimi na mume wangu, Baba Anasia, tunacheza mechi yetu ya kwanza tangu tuanze darasa la jioni, nami nilitaka raketi ya umbo la almasi, iliyochongoka kichwani kama ya kocha wetu.

Juzi niliiazima. Mpira wa kwanza ulimpata Baba Anasia sikioni. "Mama Anasia," akasema, "ukinunua hiyo, tafuta mwenzako mwingine. Mimi narudi kwenye drafti."

Nina miaka hamsini na sita. Kabla ya Agosti sikuwa nimeshika raketi. Jambo hili nimeliombea siku tisa.

Basi, ndotoni, dukani hakuna muuzaji. Raketi zimekaa kwenye mabenchi, zinahoji wateja. Ile ya almasi imekunja nne. Miguu sijui iliipata wapi.

"Kiwango chako?" inaniuliza.

"Mwanafunzi wa miezi mitatu, Bwana asifiwe."

"Simama kwenye kiwango chako."

Sakafu inageuka ngazi. Mimi niko ya pili, yenyewe iko ya tisa. Naiba hatua, napanda ya tatu. Ngazi inanishusha kwa adabu, kama mzee wa kanisa anavyomwondoa mtu kwenye kiti cha mchungaji.

"Unachezaje?"

"Kwa nguvu!"

"Nguvu tunaiona. Subira unayo kilo ngapi?"

Napandishwa kwenye mizani ya kliniki. Mizani inakohoa. "Gramu arobaini," inasema. "Na hapo amevaa viatu."

Benchi zima linacheka. Naona heri niombe. Napiga magoti, na duka linakuwa uwanja, kuta za kioo mbele na nyuma.

"Bwana, nipe ile ya almasi!"

Sala yangu inatoka ikiwa ya njano. Inagonga kioo, inanirudia ikidunda. Nainyakua raketi ya almasi, naitwanga sala kwa mikono miwili. Inapaa juu ya uzio, inapotelea barabarani.

"Jibu lako lilikuwa humo ndani," raketi inasema, kisha inarudi benchini.

Hapo inakuja raketi ya duara, nene kidogo, haina haraka.

"Mwanangu, yule kichwa chake kizito. Pake pazuri pa kupigia ni padogo kama jicho la kuku, tena juu kabisa. Ukipakosa, mpira haukutii. Pangu ni papana, pako katikati. Kwa anayeanza, panatosha hata akikosea. Halafu huku hachezi mtu mmoja. Mwenzako yuko wapi?"

Kamba ya mpini wake inanifunga mkono wa kulia, inarefuka, inamfunga Baba Anasia mkono wa kushoto. Kumbe yuko pembeni yangu, amevaa pajama, anakoroma wima.

Naomba tena. Sala inagonga kioo.

"Ngoja," inasema ya duara.

Nangoja. Sala inashuka taratibu, naiinua kwa upole, inaangukia kwa Baba Anasia. Anaipiga akiwa amefumba macho. Pointi! Raketi zote zinasimama, ngazi zinapiga makofi.

"Haleluya!" nikapiga kelele, na sauti yangu mwenyewe ikaniamsha.

Kwenye sala ya asubuhi tulikuwa wanne mezani: sisi wawili, binti yetu Anasia na mama mkwe wangu.

"Nani alikuwa anahubiri chumbani?" aliuliza mama mkwe.

Nikawasimulia yote. Alicheka hadi chai ikamwagika. "Gramu arobaini! Mizani imekuhurumia, mkwe wangu."

Baba Anasia hakucheka. Alikuwa anajikuna kifundo cha mkono wa kushoto. Palikuwa na alama nyekundu, nyembamba, imezunguka kama ya kamba. Nikapandisha mkono wa gauni langu. Yangu ilikuwa kulia.

Nyumbani kwetu bado hakuna raketi.

Nikasimama. "Mbele yako mama, na mbele yako Anasia, naahidi: leo nanunua ya duara. Na mpira ukigonga kioo, nitangoja."

Baba Anasia akanigeuzia sikio lile lile.

"Rudia," akasema. "Huku bado pana mlio."

Nikarudia, kwa sauti.