Kamba ya Madaraka kwa Mafungu ya Tano

Dunia ilikaa gizani mpaka mwaka 1966, Mwalimu Cephas alipotoka kwenye kozi ya hisabati mpya akashuka Homa Bay. Hivyo ndivyo alivyoona mwenyewe, na hakuna aliyetaka kumharibia raha. Kuhesabu kwa makumi kulikuwa mambo ya kale. Darasani kwake watoto walihesabu kwa mafungu ya tano: baada ya 4 inafuata 10, na mtoto wa sita anaandikwa 11.

Idara ya elimu ilitafuta mtu wa kuzunguka toka Kendu Bay hadi Isebania akiwafundisha walimu wenzake hesabu hizo. Mkaguzi angekuja sikukuu ya Madaraka kumpima Cephas. Cephas alikuwa ameshaanza kuaga watu.

Siku ilipofika, kwa mchezo wa kuvuta kamba, aliwafunga watoto thelathini vitambaa vyenye namba za mtindo mpya. Shufwa, zile zinazogawanyika kwa mbili, zikae upande wa ziwa. Witiri, zisizogawanyika, upande wa kilima. Akazitambua kama alivyozitambua tangu utotoni, kwa kutazama mwisho wa namba. Inayoishia na 0, 2 au 4, ziwani. Inayoishia na 1 au 3, kilimani.

Mwalimu Orpah wa darasa la kwanza alimwuliza kama mstari wa kilima haukuwa mfupi.

"Macho ni ya kuchagulia nyanya, Mwalimu," Cephas alimjibu. "Thelathini ni nusu shufwa, nusu witiri. Au hapa Homa Bay mna thelathini yenu?"

Filimbi ikalia. Upande wa kilima ukaondoka kama mbuzi anayepelekwa mnadani, wote kumi na wawili wakalala kwenye matope. Mkaguzi akauliza, kwa upole unaouma, kama ile nayo ilikuwa nusu.

Cephas alinyakua chaki awanyamazishe wote. Kwenye ubao uliosimamishwa uwanjani zikatokea 0, 2 na 4 upande mmoja, 1 na 3 upande wa pili. Tatu kwa mbili. Akamtazama binti wa sita, aliyevaa 11, akitema matope kwenye kundi la witiri. Sita! Hata watoto wa Orpah wa darasa la kwanza wangejua kuigawa kwa mbili.

Mtu mwingine angeomba radhi. Cephas aligeuka, akatangaza kwamba hilo ndilo kosa alilokusudia kulionyesha: kwa mafungu ya tano, tarakimu ya mwisho haitoshi, sharti uzijumlishe zote. Moja na moja ni mbili, kwa hiyo 11 ni shufwa. Mkaguzi akaanza kuitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Japuonj," akasema Benta, mama wa yule binti, akimwita mwalimu kwa Kijaluo, "kumbe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukajua, halafu ukawatia watoto wetu matopeni kwa makusudi."

Wazazi wakasogea. Cephas alimtazama mkaguzi, akamtazama Benta, akaona kwamba kazi ile ilikuwa umbali wa uongo mmoja zaidi tu. Binti akapenga matope puani.

"Sikujua," Cephas akasema.

Mkaguzi akafunga kalamu yake, akasema idara ingemwandikia. Serikali ilikuwa changa, lakini maneno hayo yalikuwa yameshakomaa.

Benta alimwekea Cephas mkononi kipande cha sabuni, akamwonyesha ziwa lilipo, na kumshauri aanze na sare za wadogo, maana ndio wangepata baridi kwanza.