Mtani Asiyedaiwa

Zamani, kabla wenye nyumba wa Dodoma hawajaanza kutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kana kwamba mpangaji anahamia peponi, siku ya mshahara ilikuwa siku ya vicheko nyumbani kwa kina Hanifu, mtaa wa Majengo. Hanifu mwenyewe sasa ana fremu nne za maduka mbele ya nyumba ileile, na mikataba iliyopigwa mhuri, na hakuna mpangaji anayeingiza hata ndoo kabla hajalipa. Hela inaingia vizuri, hana la kulalamika. Ila mwisho wa mwezi ukifika nyumba inakuwa kimya, na kimya hicho kinamuuma.

Nyumba ilijengwa na baba yake, Mzee Mbwana, vyumba sita na ukumbi katikati. Babu yake Mzee Mbwana alikuwa Mnyamwezi aliyefika huku na misafara ya pembe za ndovu, akachoka kutembea, akabaki. Mzee alikuwa na namna yake ya kudai kodi. Jioni ya siku ya mshahara alitandika mkeka ukumbini, akaagiza chai ya tangawizi, akawaita wapangaji mmoja mmoja kwa sauti ya mtu anayenadi mbuzi. Mwenye nazo alilipa akanywa chai. Asiye nazo alikaa mkekani vilevile, akasemwa mbele ya wenzake mpaka mbavu zikawauma kwa kucheka, akataja siku atakayolipa, naye akanywa chai. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema, lakini katika nyumba ile hata matanga yalikuwa na sukari.

Mzee alipofariki, mama yake Hanifu, Bi Zuleha, Mnyamwezi pia, aliendelea na utaratibu uleule, na kwa ulimi alimzidi marehemu. Mtu aliyesubiriwa kuliko wote alikuwa Mazengo wa chumba namba tatu. Alikuwa Mgogo wa Mvumi, karani katika shirika la umma lililonunua mahindi ya wakulima, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na utani wao una historia: enzi za misafara Wagogo walikalia visima vyao, na msafara usiotoa ushuru haukuonja tone. Basi Mazengo alikuwa akiweka noti zake mkekani huku akimwita Bi Zuleha mpagazi, akimuuliza kama shingo imepona na ile mizigo ya pembe. Bi Zuleha naye alizihesabu mara tatu, akisema kwamba anayetoka katika ukoo wa kuuza maji ya Mungu hawezi kuaminiwa. Hawakuwahi kuamkiana kistaarabu hata siku moja, na walipendana mno. Mazengo ndiye aliyemshika Bi Zuleha mkono miezi ile ya eda ilipokwisha, akamtania mpaka akarudi kuwa mtu.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na nne. Biashara ya mahindi ilishakuwa ruksa kwa kila mtu, malori ya watu binafsi yalikuwa yakipanga foleni kwenye soko la Kibaigwa, na shirika la kina Mazengo halikuwa na kazi tena. Wakapewa barua za kupunguzwa kazini na ahadi ya kiinua mgongo, na ahadi ile ikabaki ahadi. Mwezi wa tatu Mazengo hakulipa kodi.

Jioni ile Bi Zuleha alitandika mkeka kama kawaida. Aliita chumba namba moja, akaita namba mbili. Kisha akaita namba nne.

Hanifu alikuwa amekaa pembeni na daftari, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiandika, na aliona jinsi Mazengo, aliyekwishaanza kuinuka mlangoni kwake, alivyorudi kukaa polepole. Baadaye alimuuliza mama yake kwa nini amemruka. Bi Zuleha alijibu kwamba mtu aliyefukuzwa kazi hataniwi, ni kumtonesha kidonda, na kwamba yeye hakulelewa hivyo. Alisema hayo kwa huruma ya kweli. Hanifu, ambaye wakati ule alikuwa kijana mwenye banda la mitumba na hamu ya utajiri, hakuona kosa lolote isipokuwa zile elfu mbili za kodi.

Mwezi wa nne akamruka. Wa tano akamruka. Petro, fundi viatu wa chumba namba tano, alikuwa na deni la mwezi mmoja tu na alisemwa mpaka akaomba amani. Namba tatu haikutajwa. Bi Zuleha alizidi kuwa mwangalifu. Mazengo akipita uani, wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza kwa ishara ya Bi Zuleha. Alimpelekea mke wa Mazengo, Cecilia, bakuli la kunde akaliweka mlangoni na kuondoka kimyakimya, ili wasione haya. Naye Mazengo akaanza kutoka alfajiri na kurudi watu wameshakula. Siku moja akakutana ana kwa ana na Bi Zuleha ukumbini, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama." Bi Zuleha aliitika marahaba, akaingia chumbani kwake, akakaa kitandani. Alimwambia Hanifu kwamba shikamoo ile ilimuuma kuliko tusi.

Hanifu hakuwa na muda wa shikamoo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akikitaka chumba kile kiwe stoo, na alikuwa tayari kutoa kodi ya miezi sita mezani. Wenye nyumba wengine pale mtaani walikuwa wameshajua dawa: mpangaji akichelewa, unang'oa mlango, anahama mwenyewe. Hanifu alilisema hilo mbele ya mama yake, na mama yake alimtazama mpaka akatamani kulimeza.

"Basi mdai, mama," alisema. "Ama mdai, ama mtoe. Kumwacha hivi si huku wala si kule. Huruma haipaki nyumba chokaa."

Bi Zuleha alimwambia Mazengo hafukuzwi wala hadaiwi, mwisho wa maneno.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, asubuhi, mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba. Hanifu alidhani ni mzigo wake wa mitumba, akatoka. Akamkuta Mazengo anafunga kitanda kwa kamba, na godoro lilikuwa limeshapandishwa. Walisalimiana bila kutazamana. Hanifu akiri asikiri, moyo wake ulifurahi. Alikwishaanza kuhesabu hela za yule mtu wa stoo.

Uani, Cecilia alikuwa mbele ya Bi Zuleha na ufunguo mkononi. Alisema wanakwenda Kibaigwa, mumewe amepata kibarua cha kuandika mizani kwa madalali wa mahindi. Deni la miezi mitano wanalijua, watamtuma mtu alete kidogo kidogo. Hawatarudi wenyewe.

Bi Zuleha akamgeukia Hanifu kwa hasira, akamuuliza ni nani aliyewafukuza hawa.

"Si yeye," Cecilia alisema. "Ni wewe, mama. Tangu mwezi wa tatu hujamtania. Kwetu mtani akikunyamazia, kuna damu kati yenu, au amekwisha kukutoa kwenye hesabu ya watu. Petro fundi viatu anadaiwa, baba Aneth, mume wangu, hadaiwi. Kila mwisho wa mwezi anakaa nyuma ya mlango anasikiliza kama utamwita. Sasa amechoka kusikiliza."

Akamwekea Bi Zuleha ufunguo kiganjani. Bi Zuleha aliukunjia vidole, na Hanifu akaelewa pamoja naye, kwa aibu, kwamba huruma yao yote ya miezi mitano ilimfikia mtu yule kama dharau. Kisha Bi Zuleha akajifunga khanga kiunoni, akatoka mpaka barazani, mbele ya mtaa mzima.

"We Mazengo!" aliita. Sauti ilikuwa ya mnadani. "Unakwenda wapi na kodi yangu? Miezi mitano, elfu kumi, umeikalia kama babu zako walivyokalia visima. Na hilo godoro shusha. Kunguni waliomo humo ni wapangaji wangu, tena wao hawajachelewa hata mwezi."

Muuza mkaa ng'ambo ya barabara alisimama na kipimo chake mkononi, maana hakuna aliyejua kama ule ni utani au ni ugomvi. Hanifu aliogopa. Mazengo alikuwa amempa Bi Zuleha mgongo, kamba mkononi, na hakugeuka upesi. Akigeuka na kusema shikamoo, yamekwisha. Hilo kila mtu wa nyumba ile alilijua.

Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Miezi mitano unaniruka kama dimbwi," alisema. "Nilidhani umenifuta, mtani."

"Nikufute una elfu kumi yangu? Nani kakwambia mimi mjinga?"

"Mjinga ni wewe, mpagazi. Mtu mwenye akili hudai siku ya kwanza."

Petro ndiye aliyeanza kucheka, na mtaa wote ukafuata. Bi Zuleha alicheka huku akilia, akijifuta kwa ncha ya khanga, akiendelea kumtukana. Alimsihi abaki. Mazengo alisema kibarua kiko Kibaigwa na watoto wanakula kila siku, lakini kodi ataileta mwenyewe, kwa mkono wake, mwezi kwa mwezi. Wakamwekea chai, mwenye mkokoteni naye akapewa, na kitanda kikapanda saa tano badala ya saa mbili.

Dawa ya deni ni kulipa, na Mazengo alilipa. Kila mwisho wa mwezi alidandia lori la mahindi kutoka Kibaigwa, akashuka na vumbi mpaka kwenye kope, akaingia ukumbini akiuliza shingo inaendeleaje. Aliweka elfu mbili, akasemwa, akanywa chai, akarudi na lori la jioni. Chumba namba tatu kilikuwa stoo tayari, lakini mtu aliyepita nje na kusikia kelele zile angedhani hakuna kilichobadilika.

Safari ya tano aliweka noti za mwisho, akanyoosha mkono. "Tumemalizana, mtani."

Hanifu akalifunga daftari. Mama yake hakuushika ule mkono. Alimtazama Mazengo, mwenye vumbi lake la safari ndefu, safari ambayo mtu asiye na deni hana sababu ya kuifunga.

"Bado mwezi mmoja," alisema.

Hanifu alifungua kinywa, kwa sababu hesabu aliijua. Mama yake hakuwahi kumdhulumu mtu hata senti, na alikuwa mtu wa swala tano. Mazengo alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akamtazama Bi Zuleha na vidole vikakunjika vyenyewe. Alisema hakubaliani hata kidogo, na kwamba mwisho wa mwezi atakuja kesi isikilizwe.

Akaja. Kesi ikasikilizwa, ikaahirishwa. Iliahirishwa zaidi ya miaka mitano. Mazengo alipata mizani yake mwenyewe kule Kibaigwa, akajenga, akapata wapangaji, na bado alikuja kukana mwezi ule mmoja mbele ya chai ya tangawizi. Hanifu akikumbuka miaka ile huona ndiyo iliyokuwa utajiri wake, ingawa wakati ule alidhani utajiri uko bandani.

Bi Zuleha alifariki mwaka elfu mbili, msimu wa mavuno. Baada ya sala ya jeneza shehe alitangaza, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye amwone mwanawe. Watu walikuwa wakianza kunyanyuka kuelekea makaburini pale Mazengo aliposimama, mvi kichwani, kofia mkononi.

"Mimi nadaiwa," alisema kwa sauti iliyofika nyuma. "Kodi ya mwezi mmoja. Alikuwa na haki, mimi ndiye niliyekuwa mbishi."

Akamsogelea Hanifu na elfu mbili. Hanifu alijua hazidaiwi. Daftari lilikuwa nyumbani, na ndani yake deni lilikuwa limefungwa kwa mkono wake mwenyewe. Alizitazama zile noti, akamtazama mzee yule aliyekuwa akilia bila kujificha, akaona kwamba akizipokea hana tena mtu wa kuja mwisho wa mwezi.

"Leo tunazika, mzee," alisema. "Kodi nitakudai nyumbani."