Mkono Ulioingia Kwenye Mkanda

Dada Jasmeet alikuwa karudi kutoka Uingereza alikokwenda kusomea mambo ya picha, akanikuta studio ya baba yake Moshi mjini nikibeba taa. Kazi yetu ilikuwa video za harusi na kipaimara. Siku hiyo akanipa kamera yenyewe.

"Nenda kwenu Kirua. Tembea njia unayopita kila siku. Usisimame, watu usiwachukue."

"Nichukue nini sasa?"

"Njia."

"Njia inafanya nini?"

Akacheka. "Wewe tembea tu, Rogath. Ni sanaa."

Shule niliachia darasa la sita, sikubishana. Ila hakuna kilichoniingia. Kwenye harusi ukimruka mjomba mmoja anayekula, ugomvi. Huyu hataki mtu hata mmoja!

Nikashuka gari pale barabarani Kirua, kamera jichoni, nikaanza. Mfongo, mfereji wetu wa maji, migomba, banda la ng'ombe la mzee Eliufoo, halafu uzio wa masale, kihamba chetu, shamba la ukoo, kinapoanzia. Nilikwenda polepole picha isitetemeke. Kuna jiwe pale. Sikuliona, miguu ikalikwepa yenyewe.

Mzee Eliufoo akatoka bandani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unapima?"

"Natembea."

"Mtu hatembei hivyo kwao. Hivyo wanatembea wanunuzi. Mteja wako umemficha humo ndani ya kamera?"

Nikapita. Nyuma nikamsikia anapaza sauti kwa Kichagga ivuke migomba, mama asikie: kijana wako anapima kihamba.

Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anabaki na nyumba ya baba na kihamba. Baba alishafariki, na wa mwisho ni mimi. Na Pasaka iliyopita, mbege kichwani, nilisema mbele ya watu kahawa hailipi, bora niuze niende Dar. Nilimaanisha. Nusu.

Mama nilimwona kwanza kwenye kamera, mdogo, hana rangi kama kila kitu humo, kashika jani la isale kwa mikono miwili. Isale si la kuchezea. Mtu aliyekukosea ndiye anakuletea, na ukilipokea umekubali anachoomba, basi. Sasa mama kanikosea nini?

"Usiuze, baba," akasema.

"Mama, hii ni kazi ya studio. Sanaa."

"Na huyo mwenye studio anataka shamba kiasi gani?"

"Hataki shamba! Anataka njia."

"Akishachukua njia, mimi nitapita wapi?"

Hasira zikanipanda, sijui za nani, nikageuka nikateremka mpaka barabarani bila hata kula.

Kesho yake Dada Jasmeet akaweka mkanda kwenye deki. Mfongo, migomba, jiwe. Sauti ya pumzi zangu. Halafu mama.

"Si nilikwambia watu..." akaanza, akasogeza kiti karibu.

Kwenye televisheni mama kanyoosha jani. Mimi nasikika nabisha. Na huku nabisha, mkono ukaingia kutoka chini pembeni, ukalichukua.

"Huo mkono wa nani?"

Una kovu la panga kwenye kidole gumba. "Wangu."

"Mbona ulikuwa unakataa?"

Nikapapasa mfuko wa jaketi. Jani limo, limekunjika. Mimi nilidhani nimeondoka mikono mitupu.

"Maana yake nini, Rogath?"

"Maana yake siuzi."

"Kwani ulikuwa unauza nini?"

"Hebu rudisha nyuma," nikamwambia. "Nione tena pale ninapolichukua."